Aliyenunuliwa kwa thamani, nani tena wa kumpangia bei?

Katika makanisa ya Bukavu, mashariki mwa Kongo, yawe ya Kadutu, Bagira au Ibanda, mstari wa 1 Wakorintho 6:19 unajulikana hata na watoto wa shule ya Jumapili: mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Unahubiriwa kuhusu pombe, sigara, mavazi ya wasichana na uzinzi wa vijana. Huhubiriwa mara chache pale unapohitajika kuliko popote: msichana amebakwa na jirani, wazee wa familia mbili wamekaa uani wakijadiliana mbuzi wangapi watatosha, na mchungaji yuko katikati yao kama mpatanishi. Hekalu limevunjwa, na watu wa hekalu wanapanga bei.

Tatizo linaanzia kwenye namna mstari wenyewe unavyosomwa. Mwisho wake, pamoja na mwanzo wa mstari wa 20, unasema: "wala ninyi si mali yenu wenyewe, maana mlinunuliwa kwa thamani." Wengi wakifika hapo humwambia msichana kwamba mwili wake si wake, kisha haraka sana mtu fulani anakalia nafasi ya Mungu: baba, mume, mjomba mkubwa, mchungaji, nabii wa chumba cha maombi. Mstari uliomkabidhi binti kwa Mungu unageuka hati ya umiliki mkononi mwa binadamu.

Paulo mwenyewe alifunga mlango huo sura moja mbele. Katika 1 Wakorintho 7:23 anarudia maneno yale yale na kutoa hitimisho lake: "Mlinunuliwa kwa thamani, msiwe watumwa wa wanadamu." Aliwaandikia watu ambao miongoni mwao walikuwemo watumwa halisi. Kwa sheria ya Roma mwili wa mtumwa ulikuwa mali ya bwana wake, na bwana akimwingilia mtumwa wake hapakuwa na mahakama ya kumshtaki. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba mwili wake ni hekalu kulikuwa kumtoa mkononi mwa bwana wake mbele za Mungu, hata kabla sheria haijamtoa. Katika karne ya 4, askofu Gregory wa Nyssa alihubiri juu ya kitabu cha Mhubiri akawauliza wenye watumwa wamelipa bei gani kununua sura ya Mungu. Hoja yake inafaa kila uwanja wa Bukavu ambamo mbuzi wanahesabiwa. Mwili ukiwa wa Mungu, hakuna mwingine mwenye haki ya kuupangia mambo bila ridhaa ya yule aliyekabidhiwa kuishi ndani yake.

Mstari wa pili unaotumiwa vibaya ni 1 Wakorintho 7:4. Nusu yake ya kwanza, kwamba mke hana amri juu ya mwili wake bali mumewe, husomwa kwa sauti kubwa kwenye semina za ndoa. Nusu ya pili ingewashangaza wasikilizaji wa kwanza: "vivyo hivyo mume hana amri juu ya mwili wake, bali mkewe." Katika dunia ile ni wachache mno waliomwambia mume hivyo. Mstari wa 5 unaweka sharti la kupatana hata katika kunyimana kwa muda. Mtu anayemlazimisha mkewe kwa kutumia sura hii ameruka kitu ambacho sura inakidai kwa wote wawili, yaani makubaliano.

Jambo hili lina uzito wake hospitalini. Mwanamke aliyeshonwa fistula, yaani tundu linalovujisha mkojo ukeni, hukaa na mpira wa mkojo kwa takriban wiki 2, kisha huambiwa asikutane na mume kwa angalau miezi 3, kwa sababu kovu changa likichanika upasuaji wa pili huwa mgumu zaidi kuliko wa kwanza. Mimba ya baadaye inapaswa kuishia kwa upasuaji, si kuzalia nyumbani. Akirudi kijijini na mashauri ya ndoa yakamkumbusha "msinyimane" bila kumwambia mume juu ya miezi hiyo 3, washauri wamebomoa kazi ya daktari kwa Biblia mkononi. Mume aitwe, aelezwe tarehe, na aelezwe mbele ya mke ikiwa mke amekubali aitwe.

Biblia ina kisa kinachofanana mno na baraza la uani. Katika 2 Samweli 13, Tamari, binti wa Daudi, anamkatalia Amnoni, ndugu yake kwa baba, kwa maneno yaliyoandikwa yote: anasema hapana, anataja aibu itakayompata, anataja sheria ya Israeli, hata anapendekeza njia nyingine. Mwandishi hakuficha kukataa kwake wala hakukufanya kuwe mnong'ono. Baada ya tendo, Absalomu kaka yake anamwambia anyamaze kwa kuwa aliyemtenda ni ndugu yake. Daudi mfalme anasikia, anakasirika sana, na habari inaishia hapo, hakufanya kitu. Tamari anabaki ukiwa nyumbani kwa kaka yake. Miaka 2 baadaye Absalomu anamuua Amnoni, kisha nyumba ya Daudi inaingia vitani yenyewe kwa yenyewe. Ukimya uliotakiwa kulinda heshima ya ukoo ndio ulioufikisha ukoo kwenye kaburi. Ni ajabu kwamba kisa hiki hakimo katika ratiba za mahubiri za makanisa mengi, katika jimbo hili kuliko yote.

Wapo wanaojibu kwa Kumbukumbu la Torati 22:28-29, panapotajwa shekeli 50 kwa baba na mwanamume kumuoa msichana. Lazima wajibiwe kwa uaminifu, maana mstari upo. Kwanza, wasome mistari mitatu iliyotangulia: binti aliyeshikwa kwa nguvu shambani hana dhambi, na tendo hilo linafananishwa na mtu kumvamia mwenzake na kumuua. Pili, Kutoka 22:17 inamruhusu baba kukataa kabisa kumtoa binti. Tatu, sheria ile ilimfunga mwanamume maisha yake yote katika jamii ambamo msichana asiyeolewa hakuwa na wa kumlisha. Mzigo uliwekwa juu ya mkosaji. Kuichukua leo na kumwozesha msichana wa miaka 15 kwa aliyembaka, mtu ambaye kwa sheria ya Kongo anastahili kifungo cha miaka 7 hadi 20, ni kuuhamisha mzigo ule kutoka bega la mkosaji na kuutwika mgongo wa aliyeumizwa.

Halafu kuna suala la unajisi, na hapa Kanisa la kale linatusaidia kuliko desturi zetu. Wagothi walipoiteka Roma mwaka 410, wanawake wengi Wakristo walibakwa, wakiwemo waliokuwa wameweka nadhiri ya ubikira, na wengine walijiua kwa aibu. Askofu Augustino aliwajibu katika kitabu cha kwanza cha Mji wa Mungu: usafi ni fadhila ya nia, na mwili ulioguswa kwa nguvu ya mwingine haupotezi utakatifu wake ikiwa nia haikuridhia. Hatia ni ya aliyetenda. Alikataa hata kuwasifu waliojiua. Kweli, baadaye katika kitabu hicho hicho anajiuliza kama Mungu aliruhusu jambo lile ili kuwaponya wengine kiburi kilichojificha, na hapo naona alikosea vibaya, kwa sababu alimrudishia mwathirika swali ambalo lilikuwa la mkosaji. Lakini msingi wake unabaki: pasipo ridhaa hapana dhambi ya aliyelazimishwa. Mchungaji anayemtenga msichana na kwaya au na meza ya Bwana "mpaka atakaswe" anafundisha kinyume cha mafundisho ya miaka 1,600.

Sasa tuje kwenye saa. Heshima ya binadamu hapa hupimwa kwa saa, na kosa linalotokea mara nyingi zaidi si la ubaya bali la nia njema: kufunga na kuomba siku tatu kwanza. Siku tatu ni saa 72, na saa 72 ndio mpaka wa dawa za kuzuia VVU. Dawa hizo, mara nyingi kidonge kimoja chenye tenofovir, lamivudine na dolutegravir, humezwa kila siku kwa siku 28, na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo zinavyofanya kazi vizuri zaidi. Wanaosubiri mjomba afike kutoka Walungu au Kalehe ndipo baraza likae wanapoteza muda ule ule kwa sababu nyingine. Maombi yanaweza kufanyika kwenye benchi la hospitali.

Kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, levonorgestrel miligramu 1.5 mara moja, kina nafasi hadi saa 120, lakini nguvu yake hupungua kila siku inayopita. Akitapika ndani ya saa 2, arudie. Viuavijasumu hutolewa dhidi ya kisonono, klamidia na kaswende. Chanjo ya homa ya ini aina B ianze ndani ya siku 14, na ya pepopunda itolewe kama kuna majeraha. Mtoto hupimwa uzito kwanza kwa kuwa dozi yake si ya mtu mzima. Aliyefika baada ya siku 5 bado anatibiwa: majeraha, magonjwa, mimba, usingizi uliokimbia, vyote vina huduma. Asiambiwe amechelewa akarudi nyumbani.

Asioge kabla ya kupimwa kama anaweza kuvumilia. Akiwa ameshaoga, aende vilevile bila kulaumiwa. Nguo alizovaa zisifuliwe, na ziwekwe kwenye bahasha ya kaki au mfuko wa karatasi. Mfuko wa plastiki hushika unyevu, ukungu huota, na ushahidi huoza ndani yake. Matibabu hayasubiri karatasi ya polisi. Anayemrudisha mgonjwa akalete hati kwanza amekosea. Na kila hatua ya uchunguzi, kuanzia kuvua nguo hadi kuchukua sampuli, inaombewa ruhusa peke yake. Akikubali dawa na kukataa kupimwa sehemu za siri, anapewa dawa. Akisema "simama" katikati, daktari anasimama.

Siku 28 nazo zina mitego yake. Wengi huacha dawa wiki ya kwanza kwa kichefuchefu, au kwa sababu mume au wifi ameona kopo akadhani ni la mwenye VVU. Kabla hajaondoka aulizwe atazihifadhi wapi na atazimeza saa ngapi, na kama nyumbani hapafai, mama mmoja anayemwamini amtunzie. Kazi hii ndogo inaokoa dozi kuliko semina nzima.

Chumba cha mchungaji kinastahili kuchunguzwa kwa makini zaidi, maana wengi hufika huko kabla ya kufika kwa daktari. Yesu alipoletewa Bartimayo, umati wote uliona kwamba ni kipofu. Bado alimuuliza: "Wataka nikufanyie nini?" Kwenye birika la Bethzatha alimuuliza mtu aliyeugua miaka 38: "Wataka kuwa mzima?" Hakuna aliyekuwa na mamlaka zaidi juu ya miili ile, na alisubiri jibu. Malaika naye alingoja neno la Mariamu. Basi mchungaji ambaye anaanza na "ulipita kule kufanya nini?" au "ulivaa nini?" ameshika njia nyingine. Swali la kwanza ni kama yuko salama usiku huu, la pili ni nini anataka kifanyike sasa.

Asikilizwe na watu wasiozidi wawili, ambao amewakubali, na kama ni msichana mmoja wao awe mama. Asilazimishwe kusimulia upya kwa kila mzee wa kanisa. Kila masimulizi ya ziada humrudisha kwenye tukio, na tofauti ndogo za maneno hutumiwa baadaye kumwita mwongo. Aelezwe njia zilizopo, ya hospitali, ya ushauri wa kisaikolojia, ya sheria, na achague. Jina lake lisiingie kwenye orodha ya maombi ya Jumatano, hata kwa fumbo la "dada mmoja wa avenyu fulani", kwa sababu mtaa mzima utamjua kabla ya amina.

Kuwekewa mikono kunahitaji ruhusa pia. Mtu aliyeshikwa kwa nguvu juzi, akizungukwa leo na watu watano wanaomshika kichwa na tumbo kwa sauti kubwa, mwili wake haujui kwamba haya ni maombi; unarudi kule kule. Aulizwe: "Dada, naweza kukuwekea mkono begani?" Akisema hapana, aombewe kwa umbali. Kumshikilia chini, kumpiga au kumnyima chakula kwa madai ya kufukuza pepo ni ukatili mwingine juu ya ule wa kwanza, na hakuna jina la Bwana linaloutakasa. Hayo yanawahusu pia watoto wanaoitwa wachawi.

Msamaha usiharakishwe. Mchungaji akimwambia "mwanangu, samehe ili ubarikiwe", kisha akamletea karatasi ya kuondoa shitaka, ameunganisha mambo mawili yasiyo ndugu. Kusamehe ni kazi ya moyo na haina tarehe ya mwisho. Shitaka si mali ya familia: sheria mbili za 20 Julai 2006, 06/018 na 06/019, ziliondoa kabisa uwezekano wa kumaliza kesi ya ubakaji kwa faini ya mapatano. Mbuzi walioliwa uani hawafuti kosa lolote.

Mazoea mengine yanahitaji maneno machache tu. Kupima ubikira kwa ombi la familia au kama sharti la harusi hakuna msingi wa kitabibu. Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitaka kukomeshwe mwaka 2018, kwani hakuna uchunguzi unaoweza kuonyesha kama msichana amewahi kukutana na mwanamume. Muuguzi Mkristo akatae. Kipimo cha VVU kabla ya ndoa ni kizuri kikiwa cha hiari, na majibu yakipewa waliopimwa wenyewe, si bahasha inayopelekwa ofisini kwa mchungaji. Na saini ya mume kwa upasuaji wa mke mwenye akili timamu: sheria 16/008 ya 15 Julai 2016 ilifuta ulazima wa idhini ya mume uliokuwa katika Kanuni ya Familia ya 1987. Mume ashirikishwe, ashauriane na mkewe, lakini mtoto anayekosa hewa tumboni hawezi kungoja simu ya mtu aliye machimboni. Mama asaini mwenyewe, baada ya kuelezwa kwa Kiswahili, Mashi au Kilega nini kitafanywa, kwa nini, hatari zake, na nini kitatokea akikataa. Karatasi ya Kifaransa iliyosainiwa na asiyeisoma si ridhaa.

Kuhusu mimba Wakristo hawako pamoja, na sitajifanya kwamba mgogoro huo unaisha hapa. Kidonge cha dharura, hata hivyo, kisichanganywe na utoaji mimba: hufanya kazi hasa kwa kuchelewesha yai kutoka, na hakiiondoi mimba iliyokwisha kushika. Kukinyima kwa jina la uhai ni kumsukuma msichana kwenye uamuzi mgumu zaidi wiki chache baadaye. Mimba ikishakuwepo, Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika juu ya haki za wanawake, iliyochapishwa katika gazeti rasmi la Kongo mwezi Machi 2018, inaruhusu kuitoa kwa usalama katika visa vya ubakaji. Kanisa linaloamini kwamba aliye tumboni naye ni sura ya Mungu lina haki ya kulisema wazi, nami naliamini. Halina haki ya kumficha mwanamke sheria ya nchi yake, kumdanganya kuhusu tarehe, wala kumtishia. Na likisema azae, lianze kununua maziwa. Mtoto akizaliwa, aandikishwe, abatizwe au abarikiwe kama wengine, na asiitwe kwa jina la silaha ya baba yake.

Mji huu una mfano wake wenyewe. Hospitali ya Panzi ilianzishwa mwaka 1999 chini ya CEPAC, jumuiya ya makanisa ya Kipentekoste, na daktari wake Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste na mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, alitoka Lemera, hospitali iliyoshambuliwa Oktoba 1996 na wagonjwa kuuawa vitandani. Pale Panzi huduma nne zimewekwa pamoja: tiba, ushauri wa kisaikolojia, msaada wa kisheria na namna ya kujitegemea kimaisha. Sababu yake ni rahisi. Mwanamke akitumwa ofisi nne katika sehemu nne za mji, hulipa nauli nne na kusimulia mara nne, na wengi hukata tamaa kwenye ya pili. Mtindo huu ulijengwa na watu wa kanisa, kwa hiyo makanisa ya mtaani hayawezi kusema hayajui pa kujifunzia.

Tangu waasi wa M23 waingie Bukavu Februari 2025, njia ya mahakama imekuwa nzito na kukatwa kwa misaada ya Marekani mwaka huo huo kumepunguza vifurushi vya dawa za baada ya kubakwa vinavyoitwa "kit PEP". Hali hiyo inaongeza kazi ya parokia badala ya kuipunguza. Kila kanisa liwe na mama wawili waliochaguliwa kwa kujua kutunza siri, si kwa cheo cha waume zao. Wawe na namba za vituo vya afya vya eneo lao na wapige simu kila mwezi kuuliza kama dawa zipo, ili usiku wa tukio wasianze kuzunguka na mgonjwa kutoka kituo hadi kituo. Kwenye sadaka itengwe nauli ya teksi au pikipiki ya usiku, pamoja na kanga safi na nguo za ndani, maana zake zitabaki kwenye bahasha. Hata kesi isipofunguliwa sasa, cheti cha daktari kiandikwe kikamilifu, chenye tarehe, saa, majeraha na saini, kwa sababu mahakama inaweza kurudi lakini jeraha litakuwa limepona. Nakala yake ikae kwa mwenyewe au mahali atakapopachagua. Isikae kwenye kabati la kanisa, wala kwa mjomba.